Cheti cha Kifo cha Muinde

Mata, 3 Februari 2025

Kwa Mbinya binti wa kaka yangu Kituku,

Salamu zangu zikufikie huko Voi, na nyingine umpe mtoto. Sisi tuko, tunasukuma. Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu huku mpakani ina wazimu wake. Ukiinua tu inashika mtandao wa Tanzania na kula salio lote kabla hujamaliza kuuliza hali. Gilbert wa lori la ndizi amekubali kuleta barua hii mpaka hapo kazini kwako, duka la dawa za mifugo. Ukijibu mpe huyo huyo. Ni mzee wa kanisa, hafungui vya watu.

Mbinya, nimechoka. Tangu Katuku, mama wa hawa watoto, alipotuacha mwaka jana nimejaribu kuwa susu wa wajukuu, kuwa mama, na kuwa punda wa kubeba maji. Linet yuko gredi ya nane, anavaa viatu vya marehemu mama yake, na ndani anajaza gazeti. Musyimi mdogo anakula kama mtu mzima. Mahindi ndovu wamevuna kabla yangu.

Wiki jana walipita watu wa kuandikisha nyumba zenye watoto yatima, zile pesa za serikali. Mimi nilikuwa shambani, kwa hiyo mzee wa kijiji alinijibia maswali yote, Mungu ambariki. Sasa nasikia kuna vyeti vinatakiwa. Wewe unazijua ofisi. Niulizie.

Na si jambo la kungoja. Jumapili alikuja Kavinya, dada yake Katuku wa Kibwezi. Hakuja kwa ugomvi. Aliangalia debe la unga, akaangalia magoti yangu, akasema shule zikifungwa Aprili na hali ikiwa hii hii atawachukua watoto wote wawili. Linet atamshikia mtoto na kibanda. Shule hakuitaja. Watoto wakishaenda kwa watu wa mama yao hawarudi, wewe Mkamba unajua. Nyumba ya marehemu mume wangu Musyimi itakuwa imefungwa, nami nimeshika kufuli.

Ni mimi shangazi yako,
Mukonyo wa Musyimi


Voi, 11 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Barua nimepata, pamoja na ndizi. Ahsante. Mimi niko kwa miguu, tena miguu yenyewe imevimba. Duka ni kusimama kutoka saa mbili, na mwenye duka hataki kuona kiti.

Nimeenda ofisi ya watoto saa ya chakula. Dada mmoja pale amenieleza bila kunichoka, nami nakuandikia polepole ili nawe uelewe. Pesa ni elfu mbili kwa mwezi, na zinakuja za miezi miwili pamoja, zikija. Ni za nyumba, si za kila mtoto, kwa hiyo usianze kuzidisha. Nyumba iwe na shida kweli, na mtoto awe chini ya miaka kumi na minane. Mwenye kupokea ni mlezi anayeishi naye, kwa hiyo kitambulisho chako kinatakiwa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha kifo cha mzazi. Baadaye majina yanasomwa kwenye baraza la chifu, watu wa hapo waseme kama ni kweli. Hata ukipita huko, unaweza kungoja sana, maana wanaotaka ni wengi kuliko nafasi. Na Shangazi, kuandikishwa ni bure. Mtu akikuomba hata ya soda, mfukuze.

Sasa shida iko hapa. Dada alifungua kompyuta akakuta mzee wa kijiji alijibu kwamba watoto wamefiwa na wazazi wote wawili. Ndivyo ilivyo, sivyo? Kwa hiyo vyeti vya kifo ni viwili. Cha Katuku tunacho. Naomba cha baba yao, Muinde.

Kusema kweli, mazishi ya Muinde siyakumbuki. Nilikuwa shule ya bweni, nikarudi nikakuta Katuku yupo, na kuhusu Muinde mkasema hayupo. Nikashika adabu, sikuuliza. Alifia wapi? Mwaka gani? Mlipewa kibali cha kuzika? Niandikie kila kitu.

Mtoto wa kaka yako,
Mbinya


Mata, 20 Februari 2025

Mbinya,

Nakutumia kopi za kitambulisho changu, za vyeti vya watoto na cha Katuku. Vimekaa kwa bahasha ya kanisa, usiikunje.

Cha Muinde hakipo. Je, haiwezi kupita bila hicho? Waambie ni mambo ya zamani. Waambie ni mwanamke mzee, hajui karatasi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, lakini hiyo hawahitaji kuijua.

Unauliza juu yake. Angekuwa mrefu, kama baba yake. Nafikiri angekuwa mtu wa kunyamaza. Jirani yangu Syombua huniuliza habari zake tukikaa jioni kuchambua kunde. Yeye alimzika mwanawe Mulinge, mwaka niliohamia hapa. Tumekaa pamoja jioni nyingi sana, yeye akisema Mulinge, mimi nikisema Muinde.

Linet ameongoza kwa hisabati. Sijui alilitoa wapi hilo.

Shangazi yako Mukonyo


Voi, 4 Machi 2025

Shangazi,

Nimerudi tena ofisini, mara hii nikakatwa nusu siku. Bila cheti cha Muinde faili halisogei, kwa sababu jibu la "wote wawili" limeshaingia.

Lakini kuna njia. Kifo ambacho hakikuandikishwa kinaweza kuandikishwa hata miaka ikipita. Chifu anatoa barua, mashahidi wawili wanathibitisha, unataja siku na mahali. Nimempigia karani wa chifu, na wiki hii atapita kwako kuona kaburi. Akishaliona ataandika. Kazi rahisi.

Usikasirike nikikuambia hivi. Kila nikiuliza juu ya Muinde unanipeleka kwa kunde na hisabati. Kama alikufa kwa ugonjwa wa aibu, au alijiua, au alifia jela, mimi si mtoto. Nina mtoto asiye na baba na mguu wa kushoto hauingii kiatuni, hakuna kitakachonishtua. Unajua wenyewe wanavyosema: mficha uchi hazai. Nisaidie nikusaidie. Aprili iko mlangoni.

Mbinya


Mata, 10 Machi 2025

Mbinya,

Karani alikuja. Kijana mwenye heshima, alivua kofia. Nikamwonyesha kaburi la Katuku. Akauliza la mwanangu. Nikasema la Muinde haliko hapa. Akauliza liko wapi, nikaomba kwanza nikamtilie chai. Alikunywa, akangoja, akaenda zake bila kuandika.

Umeniandikia mficha uchi hazai. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro, halafu nikaitoa nikaisoma tena. Mimi sikuficha, Mbinya. Nilikwenda kwa madaktari wa Machakos na wa Makueni, nikavua mbele ya kila aliyeniambia vua. Sikuficha, na bado sikuzaa.

Muinde hakufa. Muinde hakuzaliwa.

Sasa nimeandika, ngoja nimalize. Musyimi alifariki akaniacha na shamba hili la Mata na jina lake, na hakuna wa kulibeba. Kwetu Ukambani mwanamke wa namna yangu anaweza kuoa mke. Anaitwa iweto. Unapeleka mbuzi kwa wazazi wake kama mwanamume yeyote, naye anakuja kuzaa katika nyumba yako. Lakini mtu haolewi na hewa. Anaolewa na mwana ambaye ungemzaa, na mwana huyo ana jina. Mzaliwa wangu wa kwanza angeitwa jina la baba mzazi wa Musyimi, yaani Muinde. Kwa hiyo Katuku aliolewa na Muinde. Mbuzi alizipeleka baba yako Kituku, akiimba njia nzima. Linet kwa jina la nyumbani akapewa langu na mdogo akapewa la mume wangu, kama watoto wa Muinde wanavyopaswa kuitwa. Hospitalini nesi aliuliza jina la mume, Katuku akajibu Muinde bila kupepesa. Aliyemsaidia kuwapata hana dai kwa mila yetu, naye anajua. Tusimtaje.

Nilipohamia huku na Katuku watu waliuliza mwanangu yuko wapi. Nikasema hayupo. Wakashika vichwa, wakaniletea sukari na pole. Ningesema nini? Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani. Na siku hizi ukisema mwanamke kamwoa mwanamke, watu wanafikiria mambo mengine kabisa. Nikaila ile sukari.

Chifu na mchungaji naweza kuwavumilia. Ninayemwogopa ni Syombua. Yeye analia mtu aliyemnyonyesha. Mimi nilikaa hapo kando yake nikimlilia jina.

Hata hivyo, nikuambie ukweli ulivyo, nilikuwa namlilia kweli.

Mukonyo


Voi, 15 Machi 2025

Shangazi yangu,

Nimesoma nimekaa nyuma ya magunia ya chakula cha kuku, nikalia mpaka mwenye duka akadhani nimefiwa. Nisamehe ile methali. Niliitupa tu kama mtu anavyotupa maneno akiwa amechoka.

Lakini pia nimekasirika, acha niseme. Tungekwenda mbele ya chifu na mashahidi wawili tukaandikishe kifo cha mtu ambaye hakuwahi kupumua! Ingekuwa jela, mimi na wewe, na watoto wangekwenda Kibwezi siku hiyo hiyo. Ungeniambia mwanzo.

Leo nimerudi kwa yule dada. Sikutaja jina. Nimesema kuna nyumba ambayo mama amekufa na baba, kwa mila, hakuwahi kuwepo. Aliniangalia, akauliza, "Iweto?" Kumbe mama yake ni wa Mutomo, kule kwetu Ukambani. Halafu akasema neno lililonimaliza nguvu: mtoto aliyefiwa na mama peke yake pia anahesabiwa. Haikuhitajika hata siku moja kuwa wote wawili. Ingejibiwa "mama" tangu mwanzo, cheti cha Katuku kingetosha. Tumezunguka hivi kwa sababu mzee wa kijiji alijibu kile ambacho kijiji kizima kinaamini.

Kurekebisha hakuwezi kufanyika kwa kompyuta tu. Sasa karani naye ana mashaka kwa sababu ya lile kaburi. Majina yatasomwa kwenye baraza Jumanne tarehe 25, na likifika lako utaulizwa baba wa watoto yuko wapi. Ukisema ukweli mbele ya watu, wataandika "mama" na faili litaendelea. Ukinyamaza, au ukisema hayupo kama ulivyozoea, jina litatolewa, na sijui wataandikisha tena lini.

Nimeomba ruhusa nije nisimame nawe. Nimekataliwa. Naona haya kukuandikia hivyo.

Mbinya


Mata, 19 Machi 2025

Mbinya,

Sitakwenda.

Nimefikiria mpaka kichwa kimeota joto. Kavinya si mtu mbaya. Kibwezi kuna shule pia, labda atamwonea Linet huruma. Miaka yangu iliyobaki si mingi, naweza kuimaliza nikiwa mama wa marehemu Muinde, nikazikwa na akina mama wakiimba. Kusimama uwanjani na umri huu nikaseme mimi ni tasa, vijana wa bodaboda wakisikia! Pesa yenyewe umesema zikija.

Usirudi tena ofisini kwa ajili yangu. Tunza hiyo miguu.

Mukonyo


Voi, 21 Machi 2025

Shangazi,

Gilbert anangoja na injini inanguruma, kwa hiyo ni mafupi.

Muulize Linet. Wewe na mimi tumeandikiana kama watoto hawana masikio. Yeye ndiye atakayekwenda kushika mtoto wa watu kule Kibwezi, naye ana haki ya kujua ni kwa sababu gani.

Nimekutumia kwa Gilbert viatu vya Linet, namba saba. Si vipya.

Mbinya


Mata, 9 Aprili 2025

Mbinya mwanangu,

Viatu vimemtosha Linet bila gazeti. Umenyamaziwa siku nyingi, najua, lakini mkono ulikuwa hautaki kuandika.

Nilimuuliza. Nilimkalisha jikoni nikamweleza kuhusu mbuzi, kuhusu mama yake, kuhusu Muinde. Alisikiliza akisugua sufuria. Nilipomaliza akasema, "Susu, mimi nilijua. Mama aliniambia. Alisema wewe hujui kwamba najua, nisikuharibie." Fikiria! Katuku alikufa akinitunzia siri yangu mwenyewe isinichubue. Nikacheka, halafu ikawa kilio, mtoto akanipangusa kwa kitambaa cha vyombo.

Basi nikaenda. Mambo ya baraza sitayaandika yote, mengine yalikuwa kukaa juani tu. Jina langu lilipofika bwana mmoja alisimama akasema pesa ni za yatima wa kweli, si za mama mwenye mwana asiye na kaburi. Chifu akaniuliza. Linet akanishika mkono akaniinua. Nikasema, "Muinde sikumzaa. Sijazaa mtu. Mama wa watoto hawa nilimwoa mimi, kwa mbuzi, kwa desturi yetu, na yeye ndiye aliyekufa." Nilisema kwa sauti, kwa sababu nilijua nikianza kunong'ona sitamaliza.

Ndiyo, wa bodaboda walicheka. Bibi mmoja Mtaveta akawageukia akawauliza kama wanajua baba zao vizuri. Wazee wa Kikamba walitikisa vichwa wakasema ni desturi, ipo. Chifu akamwambia karani aandike amefiwa na mama. Karani akauliza, "Na kwa baba niandike nani?" Nikasema paache wazi. Nilimtazama akipapita, Mbinya, akaenda mstari wa chini. Muinde aliishi kwangu miaka yote hiyo, na kumwondoa kulichukua muda wa mtu kuinua kalamu.

Jina limepita. Tumeambiwa tungoje, limepelekwa juu. Ujumbe haujaingia kwa simu, nami siishiki kila saa kama hawa wenzangu, nitaua betri bure.

Mchungaji amesema nipumzike uongozi wa akina mama mpaka wazee wa kanisa wakae. Nimepumzika. Ibada naenda bado, nakaa nyuma karibu na mlango.

Kavinya alikuja Jumamosi, shule zilipofungwa, na mkoba mtupu wa kubebea nguo za watoto. Alikuwa amesikia habari njiani, kabla hajafika kwangu. Akasema, "Dada yangu ulimwoa mbele ya watu kwa mara ya pili." Aliondoka na mkoba ule ule, nimemjazia ndizi. Amesema ataangalia tena Agosti, lakini alisema akifunga zipu, kama mtu anayetafuta neno la kuagia tu.

Nimemwacha Syombua mwisho.

Pale barazani alikuwa ameketi mstari wa mbele. Niliposema sikumzaa, aliinuka akakunja leso yake, akaenda nyumbani bila kunitazama. Siku zilipita. Moshi wake nauona, kunde zake anachambua peke yake. Nikajiambia hiyo ndiyo bei, Mukonyo, lipa. Nilikuwa nimemwibia kilio chake.

Juzi jioni nilimwona anakuja na ungo wake. Aliketi mahali pake, akaanza kuchambua. Kunde zikaisha nusu. Halafu akasema, "Pole kwa Muinde."

Nikamwambia, "Syombua, si ulisikia? Hakuzaliwa."

Akasema, "Nimesikia. Ndiyo hiyo ninayokupa pole."

Shangazi yako,
Mukonyo